Chelezo cha Kwenye Kalenda

Tulikuwa watu wazima kumi na wanane, kila mmoja na kazi yake na familia yake, tumepangwa foleni kwenye ukingo wa mto huko China kusini tukisubiri zamu ya kukalishwa juu ya mianzi. Nilikuwa nimepelekwa kwa mafunzo ya miezi mitatu ya upimaji wa maji, mimi peke yangu kutoka mkoa mzima wa Simiyu, na nalisema hilo kwa sababu ni kweli na sioni mtu mwingine wa kunisemea. Jumapili moja wenyeji wetu wakatangaza kwamba tunapelekwa kuona mandhari. Tukavishwa majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa, tukakaa wawili wawili kwenye viti vilivyofungwa juu ya chelezo cha mianzi, na mzee mmoja mwembamba akasimama nyuma na upondo wake, akatusukuma taratibu katikati ya milima. Maji yalikuwa ya kufika magotini. Niliona kokoto, niliona samaki wadogo, niliona hata chupa ya soda iliyotupwa. Jirani yangu wa kiti, mkufunzi wa chuo kutoka Dodoma mwenye shahada mbili, alishika kiti kwa mikono yote miwili kama mtu anayeng'olewa jino.

"Dada, hiki kitu hakizami?" akauliza.

"Kikizama, simama," nikamwambia. "Utalowa soksi."

Hakucheka. Watu wa shahada mbili hawapendi kuchekeshwa na mtu wa stashahada. Nyuma yetu wengine walikuwa wanajipiga picha na kupiga mayowe kila chelezo kilipoteremka kwenye poromoko lisilozidi kimo cha ndoo. Wamelipa hela ili watishwe kidogo, kisha warudishwe mahali penye chakula. Mimi nilikunja mikono nikawatazama. Mtu aliyekulia Meatu hawezi kuheshimu mto ambao mtu anaweza kuuvuka na simu mkononi.

Ila mzee wa upondo alikuwa amebadilisha mianzi miwili asubuhi ile, na mwanzi mbichi ukilowa hutoa harufu kali ya majani yenye uchachu kwa mbali, harufu isiyo na tofauti na ya mlingoti wa mkonge uliokatwa jana na kutiwa majini leo. Niliivuta mara moja tu, kicheko kikanikauka. Nikainua macho. Milima ile ilikuwa mirefu na myembamba kama vichuguu, mingine imesimama juu ya maji na mingine imesimama kichwa chini ndani ya maji, na nikagundua kwamba naijua. Nilishaitazama kila siku nikiwa na miaka kumi na minne, ukutani kwa mama, juu ya mtungi.

Picha hiyo ilikuwa ya kalenda, na kalenda aliileta mjomba wangu, mdogo wake mama, aliporudi kijijini kwetu Lingeka baada ya miaka minne ya kukaa Mwanza. Alikuwa anafanya nini Mwanza hakuna aliyejua. Aliyeuliza alijibiwa kwa kutajiwa jina la mtaa. Alirudi na viatu vyenye ncha, redio isiyo na kifuniko cha betri, na kalenda ya duka ambayo mwaka wake ulikuwa umeshapita. Miezi yote ilikuwa imenyofolewa, imebaki picha: mto, milima, mtu mwenye upondo, na juu ya mianzi binti wa rika langu mwenye blauzi nyeupe, begi limelala mapajani. Niliamua kwamba binti yule ni mwanafunzi anavushwa kwenda sekondari. Nani mwingine angevaa blauzi nyeupe na kushika begi namna ile? Na kwa kuwa mto wake ulikuwa umetulia mpaka milima inajitazama ndani, niliamini kwamba mito ya watu waliosoma hutulia yenyewe. Huo ndio ulikuwa utaalamu wangu wa maji wakati huo.

Mto wangu mimi ulikuwa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka wanawake waliuchimba kwa vibuyu kutafuta maji, ng'ombe waliuvuka wakiacha samadi, na watoto tulicheza ndani yake tukasahau kwamba ni mto. Kisha mvua ingenyesha mbali huko juu, kwetu jua linawaka, na ungesikia ngurumo kama ya lori la pamba linapopanda kilima. Mto ulikuwa unakuja. Ulikuja na miti, na mizoga ya mbuzi, na povu la rangi ya chai ya maziwa, ukakaa kati yetu na barabara ya Mwanhuzi kwa siku tatu au kumi, upendavyo wenyewe.

Mwaka huo nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, msichana pekee katika darasa langu. Wavulana waliokuwa wakinicheka kwa kukariri nikiwa nachota maji wapo hadi leo, baadhi yao hunisalimia kwa kuvua kofia. Fomu ya kujiunga ilisema niripoti kabla ya Ijumaa jioni, na kwamba atakayechelewa nafasi yake itapewa mwingine. Baba hakujua kusoma. Alinifanya nisome sentensi hiyo mara mbili, akaikunja fomu, akaiweka mwenyewe ndani ya tranka langu la bati, juu ya sketi mpya, na tranka akalifunga kwa kufuli. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili mto ukajaa.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliwagawia zaidi ng'ombe. Alikuwa na maksai wawili wa kulima, Dereva na Polisi. Kuanzia Jumatatu alfajiri alimchukua Polisi, yule mwenye baka jeupe usoni, akaenda naye mtoni, wakarudi jua limepanda, wote wawili wamelowa. Nilidhani anamwogesha. Fikiria: nafasi yangu inakwisha, na mzee anaogesha ng'ombe. Halafu nikaona vijiti. Alikuwa amechomeka vijiti vitatu ukingoni, kimoja karibu na nchi kavu, cha pili mbele yake, cha tatu ndani kabisa, maji yanakipita juu. Kwetu kijiti kilichochomekwa mahali kina maana, na mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kuzionea aibu maana hizo. Nikajua ni dawa. Nikajua pia ni dawa ya nini: mto usishuke.

Jumanne wakati wa chakula nilijikaza nikasema, "Baba, leo Jumanne."

"Najua."

"Shule ni Ijumaa."

"Mto utashuka, mayu." Aliniita hivyo, mama, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao wakiwa wanawapenda au wanawanyamazisha.

"Utashuka lini?"

"Ukishuka tutavuka."

Mjomba akacheka ndani ya bakuli la maziwa, maziwa ya ng'ombe wa baba. "Shemeji, mto hausubiri kuogeshewa ng'ombe."

Baba alimega ugali, akatowea, akala. Mama akamwambia mdogo wake ale anyamaze. Baadaye mjomba alinikuta nyuma ya nyumba nalia, akachuchumaa kwa uangalifu ili asikunje viatu.

"Ng'wanone, mwanangu, wewe una akili, nitakwambia ukweli. Baba yako anaufurahia mto huu. Ijumaa ikipita, wewe si mwanafunzi tena. Wewe ni ng'ombe wa mahari wanaosubiri kuletwa."

Nilimwamini. Alikuwa na viatu, baba alikuwa na makatambuga ya tairi. Mtoto huhesabu hivyo. Na nilikuwa nimeshajifunza kutoka kwake namna ya kumtazama baba nikiwa nimeinua kidevu. Ni elimu pekee aliyowahi kunipa, na niliifaulu vizuri.

Chelezo cha kunivusha mjomba alianza kukijenga siku hiyohiyo. Mianzi hakuna Meatu, kwa hiyo alikata milingoti ya mkonge kwenye ua wa zizi letu na kwenye mpaka wa jirani, ile mirefu inayochomoza mkonge ukiwa karibu kufa, myepesi mpaka mtoto anabeba miwili. Aliipanga ukingoni. Kisha akaibandua kalenda ukutani, akaitandaza kwenye nyasi, akaiwekea mawe kwenye pembe nne, na kuanzia hapo kila hatua alikwenda kuitazama, akarudi, akasogeza mlingoti mmoja kidogo, kama fundi anayefuata ramani. Watu walijaa. Kijiji ambacho hakiwezi kutoa watu watano kusafisha kisima kilitoa arobaini kutazama hilo.

"Hicho kitanda kitalaliwa na nani?" bibi mmoja jirani aliuliza.

"Viboko, bibi," kijana mmoja akajibu. "Wameagiza kutoka Mwanza."

"Chekeni," mjomba akasema bila kugeuka. "Huko China ndivyo watu wanavyosafiri. Tena wamekaa."

"Na godoro utatandika?" yule kijana akauliza.

"Nitatandika mke wako."

Walicheka, na kucheka kwao kulikuwa kwa kumkubali. Aliifunga milingoti kwa kamba za ngozi mbichi, kwa sababu kila kitu kwetu kilifungwa kwa ngozi: kitanda, nira, mlango wa zizi, mpini wa jembe uliopasuka. Aliipitisha juu na chini, akaivuta kwa goti, akaiacha juani. Kufikia Jumatano jioni ngozi ilikuwa imekauka na kujikaza hata milingoti inalia ukiigusa. Mjomba alipanda juu, akaruka mara mbili na viatu vyake. Hakuna kilichotikisika. Watu wakapiga makofi.

Baba alipita akitokea malishoni. Alisimama, akagusa kamba moja kwa kidole gumba.

"Umefunga kwa ngozi," akasema.

"Ngozi ndiyo kamba, shemeji."

"Ndiyo kamba ya nchi kavu."

Akaondoka na ng'ombe wake. Nilimsikia vizuri, na nilichosikia ni wivu. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na minne katika nyumba ya wafugaji, nimelala juu ya kitanda cha kamba za ngozi, nimemwona mama akiziloweka ili zilainike kabla ya kuzisuka, na bado sikuelewa alichosema. Wala wale arobaini hawakuelewa, au walielewa wakaona onyesho litakuwa zuri zaidi wakinyamaza. Sijawahi kuwasamehe kwa hilo, na wakija kwangu Bariadi kuomba niwatafutie watoto wao nafasi za kazi, huwa nawakumbusha kwanza.

Alhamisi asubuhi baba alishatoka na Polisi. Mjomba alinigongea ukuta. Tulibeba tranka yeye na mimi mpaka ukingoni, yeye akivuta pumzi kila hatua kumi, akaliweka katikati ya chelezo, akaniketisha pembeni yake. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu nyeupe. Nililipakata begi la shule mapajani kama yule binti. Watu wachache walikuwa wameshafika, na mjomba alisimama nyuma na upondo, akasubiri waongezeke kabla ya kusukuma.

Mwanzoni ilikuwa kama kwenye picha. Upondo ulifika chini, chelezo kilikwenda, mkonge ukatoa ile harufu yake ya uchachu. Nilimtafuta baba kwa macho ili anione. Kisha chini yangu nikahisi kitu kinapumua. Milingoti miwili ilikuwa imeachana kidogo, maji yakapanda katikati yake, ikafungana tena.

"Mjomba, kamba zinalegea."

"Zinajinyoosha. Kaa katikati."

Niliigusa iliyokuwa karibu. Asubuhi ilikuwa ngumu kama chuma. Sasa ilikuwa laini na yenye utelezi kama utumbo wa mbuzi, na inarefuka vidoleni mwangu. Upondo haukufika chini tena. Mkondo ulitugeuza, na milingoti ikafunguka taratibu, yote, kama vidole vya mkono. Sikumbuki kelele. Nakumbuka mjomba akitazama viatu vyake, kisha akatazama tranka. Tranka la bati lililofungwa vizuri huelea kwa muda, na hilo alilijua. Alilikumbatia kwa mikono miwili, akajirusha nalo kuelekea upande wa nyumbani, akipiga miguu. Hakuniambia neno. Mtu aliyeishi Mwanza miaka minne, mwenye maneno ya kila kitu, hakuwa na hata moja.

Milingoti mitatu ilibaki chini ya makwapa yangu. Mto ulinibeba mpaka kwenye mgunga ulioota kwenye kisiwa cha mchanga, ambao sasa ulikuwa umezama hadi kwenye matawi, ukanibamiza hapo. Miiba yake ilinishika blauzi, na sijui kama ningeshikwa vizuri zaidi na mikono ya mtu. Begi lilikwenda. Kutoka pale niliona tranka likienda pia, limejaa, kona moja ikionekana, halafu haikuonekana. Mjomba alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi. Mama alikuwa amefika, anatembea ukingoni huku na huku akiita jina langu.

Ndipo nikasikia mluzi. Ni ule wa kuwageuza ng'ombe, mfupi, unaopanda mwishoni. Baba aliingia mtoni juu kabisa ya mgunga, ameshika pembe ya Polisi, na mkondo ukawateremsha mshazari mpaka kwangu kana kwamba umetumwa. Kichwa cha Polisi kilikuwa juu, pua zimepanuka, hana wasiwasi. Alikuwa anaifahamu njia.

"Achia miti," baba akasema. "Shika mkia."

"Siwezi, baba."

"Umeshika mikia ya ng'ombe kabla hujajua kutembea. Shika."

Nilishika, mikono miwili, nikauzungusha kifundoni. Miiba ikachana blauzi. Baba alikuwa upande wa kichwa, mimi nyuma, na kati yetu mgongo wa mnyama ukisukuma maji kama ukuta. Ukingo wa nyumbani ulikuwa karibu zaidi. Nilimwona mama ameshainua khanga ya kunifuta. Nikawaza: basi. Anacho alichokitaka. Mto umemfanyia kazi yake, fomu imezama, mimi ni wa zizini.

Baba akapiga mluzi, akauvuta uso wa Polisi, akaugeuza kuelekea ng'ambo.

Tulitoka majini. Nilikaa kwenye tope nikatapika maji. Baba alimpapasa Polisi shingoni kwanza, kisha akaja kwangu, akaanza kunitoa miiba begani bila kuuliza kama inauma.

"Baba, tumetokea ng'ambo," nikasema.

"Shule iko upande huu."

Nilitazama nyuma. Kijiti cha tatu, kile cha ndani kabisa, kilikuwa kimesimama wazi juu ya maji, kimelowa, na ndege mdogo ametua juu yake.

"Kimetoka leo alfajiri," baba akasema. "Nikaja nyumbani kukuchukua. Nikakuta umeshaondoka."

"Na Polisi? Kila siku ulikuwa unamwogesha."

Alinitazama kama mtu anayejiuliza shule ile walimchagua vipi mtoto huyu. "Nilikuwa namfundisha maji. Huwezi kumkabidhi ng'ombe mtoto wako siku ya kwanza."

Dharau yote niliyokuwa nimembebea mzee huyu, kwa juma zima na labda kwa mwaka mzima, ilibaki mikononi mwangu haina mwenyewe. Sikuitupa. Nilimhamishia mjomba, na iko kwake mpaka leo, nzima, haijapungua. Yeye yupo bado. Misibani utamsikia akiwaambia wageni kwamba mimi, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma pale Bariadi na kisima nilichokipima maji kwa mkono wangu, ni yeye aliyenivusha kwenda shule, kwa chelezo alichokibuni mwenyewe. Wageni hunigeukia. Mimi huendelea kula.

Polisi tulimwacha kwa mtu aliyefahamiana na baba, tukatembea. Sikuwa na kiatu hata kimoja. Baba alinivalisha makatambuga yake, makubwa kwangu kama mitumbwi, yeye akaenda peku kwenye miiba na mawe mpaka barabarani, na kutoka barabarani mpaka shuleni. Tulifika jua linaanza kulegea. Chini ya kibaraza kulikuwa na mwalimu wa zamu, kijana, shati limepigwa pasi, meza ndogo na daftari mbele yake, na pembeni yake wazazi wengine na magodoro mapya ndani ya nailoni. Alitutazama kuanzia chini: miguu ya baba, tope, shuka zito ambalo lilikuwa bado halijakauka, blauzi yangu iliyochanika. Niliufahamu mtazamo huo. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi nyumbani.

"Mzee, fomu ya mwanafunzi?"

Kiswahili cha baba kilikuwa cha mnadani, cha maneno ya kununua na kuuza. Alifikiri kidogo.

"Imekwenda na maji."

"Tranka?"

"Na maji."

"Godoro, ndoo, jembe?"

Mzazi mmoja mwenye godoro alicheka puani. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Sasa mzee, wewe hapa umeleta nini?"

Baba alinishika bega, lile lenye miiba, akanisogeza mbele mpaka tumbo langu likagusa meza.

"Nimeleta mwanafunzi," akasema.

Mwalimu aliniuliza jina, akalitafuta kwenye orodha kwa kidole, akalipata, akaweka alama. Kisha akasimama, akakizungusha kiti chake mwenyewe kwenye meza, akamkaribisha baba akae. Baba akakataa. Alisema atakilowesha.